Sura ya Sita: Friza Kwenye Joto la Kyela

Friza ileile ikishushwa kutoka Tukuyu hadi Busale, yuniti za umeme wa LUKU zitaisha upesi zaidi. Kazi ya friza ni kutoa joto lililomo ndani na kulimwaga nje, kama mvuvi anayechota maji katika mtumbwi unaovuja. Tukuyu, kwenye ubaridi wa milimani, joto hupenya kidogo. Tambarare ya Kyela, mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ina joto kali na hewa yenye unyevu mwingi.

Tuanze na joto. Iweke friza mbali na jiko na jua la dirishani, na uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Ubavu ukiwa wa moto usishtuke, maana joto hutokea hapo. Ila usiufunike kwa kitambaa.

Joto jingine tunaliingiza wenyewe. Kupoza lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi sifuri ni kuondoa kilojuli 125 hivi. Kuyagandisha hudai 334 nyingine. Samaki naye amejaa maji, kwa hiyo usirundike ndoo nzima ya mbasa kwa mkupuo. Watoe matumbo, waoshe, wachuje maji, uwafunge vifurushi bapa vya mlo mmoja mmoja. Kifurushi bapa huganda haraka, na nyama haipotezi maji mengi ikiyeyushwa. Lenga nyuzi 18 chini ya sifuri. Hata hapo bakteria wengi husinzia tu, hawafi. Samaki aliyeanza kuharibika haponi.

Unyevu nao una hila yake. Kila ukifunua mfuniko, mvuke huingia na kuganda ukutani, na barafu hiyo huzuia joto kufika kwenye mirija. Wakati wa masika hujijenga upesi. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima friza, iache iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu, kwani mrija ukitoboka gesi yote hutoka. Kagua na raba: bana noti kwenye mfuniko, ikichomoka bila kukaza, raba imechoka.

Friza ya wastani hula yuniti moja hivi kwa siku. Kwa bei za TANESCO za mwaka 2016, mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo ya nyumbani, alilipa shilingi 100 kwa yuniti hadi ya 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila iliyozidi. Barafu nene yatosha kukuvusha mpaka huo.

Umeme ukikatika, usifunue. Friza iliyojaa huweza kutunza baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu, saa 24. Kwa joto la Kyela, tarajia pungufu. Penye nafasi jaza chupa za maji, usizifikishe shingoni, maana maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Umeme ukirudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha ili kompresa isiungue. Samaki mwenye chembe za barafu anaweza kugandishwa tena. Aliyelegea na kupata uvuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, mtupe.