Mabomba ya Breki ya Land Rover ya Zamani: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kulipa

Barabara itokayo Lushoto kupitia Soni hadi Mombo hushuka takriban mita 1,000 katika kilometa zipatazo 33, nayo imejaa kona kali. Kwa mwenye Land Rover ya Series II au IIA, magari ya Kiingereza yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1971, mteremko huo ni mtihani wa mabomba ya breki. Magari hayo kwa kawaida yana mfumo mmoja tu wa breki za miguu: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja.

Bomba la chuma huoza kuanzia mahali lisipoonekana, chini ya vibanio vinavyolishikilia kwenye fremu, ambako tope la mvua hujikusanya. Kwa hiyo fundi akikuonyesha tobo moja, usiridhike na kubadilisha kipande kimoja. Mabomba yaliyofungwa siku moja huzeeka pamoja. Twashauri yabadilishwe yote, na mipira yake pia. Gharama itaongezeka, hilo hatulifichi.

Zipo njia za mkato ambazo mlaji hana budi kuzikataa. Mojawapo ni kuunga bomba kwa kipande cha mpira wa petroli na vibanio. Mpira huo haukutengenezwa kuhimili shinikizo la breki. Nyingine, iliyozoeleka mno, ni kuliziba bomba la gurudumu moja ili gari “lifike”. Gari hilo huvutwa upande mmoja ukikanyaga breki, na katika barabara hii upande mmoja ni bonde. Bomba la shaba la friji nalo si la breki, hata liking’aa vipi.

Nati za magari haya hupimwa kwa inchi. Za magari ya Kijapani, ambazo ndizo zilizojaa madukani, hupimwa kwa milimita. Nati isiyo yake huweza kushika hesi mbili tatu ikaonekana imekaza, kisha ikaachia. Mwombe fundi aianze kwa vidole: iliyo sahihi huingia bila kulazimishwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao ukungu wa Usambara hauna uhaba. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na pedeli huzama. Chupa mpya ifunguliwe mbele yako. Oili ya injini usiikubali kamwe, kwani huharibu mipira ya ndani ya mfumo.

Kabla ya kulipa, kanyaga pedeli kwa nguvu dakika nzima huku mwingine akikagua kila kiungo. Ikiendelea kuzama, kazi haijakwisha. Gari lijaribiwe kwanza kwenye tambarare. Dai mabomba yaliyotolewa, na risiti inayotaja kila kipuri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kipuri kwa jina lisilo lake, risiti hiyo ndiyo utakayoiambatisha na malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani.