Mwendelezo uliochelewa: hesabu za Indiana Jones

Katika biashara ya filamu, mwendelezo unaotoka miaka mingi baada ya mtangulizi wake ni bidhaa ya aina yake. Soko lake lilikwisha kujengwa zamani, lakini wateja wamezeeka, na steringi naye kazeeka. Mfululizo wa Indiana Jones, mwanaakiolojia wa Kimarekani mwenye kofia ya pama na mjeledi, unafaa kupigiwa mfano kwa sababu ulichelewa mara mbili: miaka 19 kati ya filamu ya tatu na ya nne, kisha miaka 15 hadi ya tano.

Ya kwanza, Raiders of the Lost Ark, ilitoka mwaka 1981 kwa gharama ya takriban dola milioni 20. Paramount ilitoa mtaji, George Lucas akabuni kisa, na Steven Spielberg akaongoza upigaji picha uliokwisha kwa siku 73, mapema kuliko ilivyopangwa. Ubahili ule ulizaa matunda. Huko Tunisia, iliyotumika kama Misri, Harrison Ford, aliyemwigiza Jones, aliharisha vibaya, na pambano refu la upanga na mjeledi lililokuwa limeandikwa likawa halichezeki. Badala yake Jones anamtazama adui akichezesha upanga kwa mbwembwe, anachomoa bastola, anammaliza kwa risasi moja. Watazamaji wanakisimulia kipande hicho mpaka leo. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 350. Ya pili, ya 1984, nayo ililipa, na ya tatu, ya 1989, ikaingiza dola milioni 474 kwa bajeti ya milioni 48.

Ya nne, Kingdom of the Crystal Skull ya mwaka 2008, iligharimu takriban dola milioni 185 na kuingiza karibu milioni 790. Kwa daftari la mhasibu, hakuna wa kulalamika. Lakini tiketi ya sinema hulipwa kabla ya kuonja. Aliyepanga foleni mwaka ule alikuwa analipia utamu wa filamu tatu za zamani. Ndani akamkuta Jones akijifungia kwenye friji wakati wa jaribio la bomu la atomiki, friji likarushwa mbali na shujaa akatoka mzima akijikung'uta vumbi. Mwishoni wakatokea viumbe wa ulimwengu mwingine. Mashabiki wengi wa siku nyingi walitoka wamenuna, ila kinyongo hakisomeki katika mauzo ya siku hiyo, kwa kuwa hakuna anayerudishiwa hela mlangoni. Lilikuwa deni, na lilimwangukia mmiliki mwingine.

Disney ilinunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, mwaka 2012 kwa dola bilioni 4.05, na mwaka uliofuata ikakubaliana na Paramount kuchukua usambazaji wa filamu zijazo za Jones. Spielberg alijitoa kwenye kiti cha uongozaji wa filamu ya tano mwaka 2020, nafasi ikaenda kwa James Mangold. Upigaji picha ulianza Uingereza mwaka 2021, katikati ya masharti ya korona, na muda si mrefu Ford akaumia bega wakati wa mazoezi ya pambano na kukaa nje kwa miezi. Kisha kulikuwa na ujana wenyewe: filamu inaanza mwaka 1944, na kwa takriban dakika 25 sura ya mzee huyo ilirudishwa nyuma kwa kompyuta. Bajeti ya filamu hiyo, Dial of Destiny, ilitajwa kuwa karibu dola milioni 300, mara 15 ya ile ya mwaka 1981, thamani ya dola ikiachwa kando.

Ilipotoka Juni 30, 2023, Ford alikuwa na umri wa miaka 80. Wikiendi ya kwanza ilileta dola milioni 60 Marekani na Kanada, na dunia nzima ikaishia kwenye milioni 384. Kwa kawaida karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema, kwa hiyo mgao wa Disney haukufikia hata gharama ya utengenezaji, achilia mbali matangazo. Ndani ya wiki tatu zikaingia Mission: Impossible mpya, Barbie na Oppenheimer. Vijana walikuwa na pa kwenda, wala hawakuwa na kumbukumbu ya Jones ya kuwavuta.

Kuchelewa peke yake hakutoshi kuwa maelezo. Top Gun: Maverick ilitoka mwaka 2022, miaka 36 baada ya ya kwanza, ikaingiza karibu dola bilioni 1.5. Ila yenyewe ilikuwa mwendelezo wa kwanza, haikurithi kinyongo cha mtu, na iligharimu kidogo zaidi ya nusu ya bajeti ya Jones.

Dial of Destiny iliingia Disney+, huduma ya Disney ya kutazama filamu mtandaoni, Desemba 2023. Mwaka mmoja baadaye ukatoka mchezo wa video, Indiana Jones and the Great Circle, ambao kisa chake kiko mwaka 1937: sura ni ya Ford wa zamani, sauti ni ya mwigizaji mwingine.