Saladi ndani ya bidoni: uliza kwanza bidoni ilikuwa na nini

Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya mishahara, ya basi za kazi na ya masaa ya usiku. Leo nitasema juu ya saladi. Msicheke. Mtaona kama tuko palepale, katika mambo ya mfanyakazi na jamaa yake.

Huku Kolwezi lupango zetu zimekuwa ndogo. Mbele iko simenti, nyuma iko choo na kisima, katikati mpangaji. Nafasi ya bustani haiko. Ndiyo maana bibi yangu alianza kupanda saladi ndani ya vyombo: saki za unga, beseni zilizopasuka, bidoni za mafuta ya kula zilizokatwa. Saladi inafaa kwa kazi hiyo, juu mizizi yake haiendi mbali. Udongo wa sentimita 20 unatosha. Kisha wiki 6 hivi unaanza kuchuma majani ya nje, unaacha moyo wake, na siku zinazofuata unachuma tena. Sisi tunakula, na ile inayobaki majirani wananunua siku ya Mungu.

Mimi nilitaka kusaidia. Nikaleta kutoka kazini bidoni moja ya buluu, ya lita 60, yenye nguvu. Nikaikata katikati, nikaisukula na sabuni mara tatu, nikatoboa matundu chini. Bibi yangu akaiangalia.

— Papa, hii bidoni ilikuwaka na nini?

— Niliisukula muzuri, mama.

— Siulizi kama uliisukula. Minauliza: ilikuwaka na nini?

Sikuwa na jibu. Etiketi ilikuwa imekwisha kutoka. Akaongeza:

— Kule ku kazi unaambiaka batu basishike bidoni yenye haina etiketi. Sasa hapa ku nyumba batoto bakulie ndani?

Mimi ni delege wa sendika. Kila mara tukikutana na wenzangu ninarudilia maneno yale yale: soma etiketi, vaa glovu, usipeleke nyumbani nguo ya kazi. Siku ile nilinyamaza.

Tuseme ukweli. Katika viwanda vya shaba na kobalti kuna asidi ya sulfuriki ya kuyeyusha madini, kuna zantati ya kuelesha madini juu ya maji, kuna dawa zingine nyingi. Vyombo vikibaki bule, vingine vinatoka, mchana ao usiku, na vinafika sokoni. Mama mmoja ananunua cha maji, mwingine cha kuchachisha munkoyo, mwingine cha mboga. Plastiki si kama sahani ya kioo: inakunywa kidogo dawa iliyokaa ndani, na sabuni haifiki pale. Tena wengine wanaangalia namba ndogo ndani ya alama ya pembe tatu, chini ya bidoni, wanasema iko muzuri. Hapana. Namba ile inaonyesha aina ya plastiki tu. Haisemi kitu gani kilikuwa ndani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: panda paka ndani ya chombo ambacho unajua historia yake. Bidoni ya mafuta ya kula, ndoo ya mayonezi, saki ya unga, sanduku la mbao isiyopakwa rangi. Kama hujui, acha.

Sheria ya pili ni udongo, na hapa ni pazito zaidi. Wote tunakumbuka Kasulo: mwaka 2014 mtu alichimba ndani ya lupango yake, akakuta madini, na mtaa mzima ukageuka mgodi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya mtaa ule. Walikuta kobalti nyingi katika mikojo na damu ya wakaaji, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Hata mavumbi ya ndani ya nyumba yalikuwa na madini.

Sasa saladi ni mboga ya majani. Inavuta kwa mizizi vitu vilivyo ndani ya udongo, zaidi kadmiamu, ambayo inaweza kuharibu figo ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kusukula majani kunaondoa mavumbi ya juu, lakini kile kilichopanda kwa mizizi hakitoki kwa maji. Kwa hiyo ukijaza bidoni na udongo wa kando ya barabara ya makamio, ao wa karibu na mabaki ya kiwanda, umefanya kazi ya bule.

Uzuri wa chombo ni huu: unachagua udongo. Sisi tunaleta wetu kutoka shamba la shemeji yangu, mbali na migodi, saki moja moja juu ya kinga. Tunachanganya hivi: ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya mbolea ya takataka za jikoni iliyooza muzuri, ndoo moja ya mchanga. Udongo wa kichuguu peke yake unakazana sawa tofali, uchanganye na mchanga zaidi. Mavi ya kuku yakae miezi mitatu kwanza. Yakiwa mapya yanachoma mizizi, na saladi inaliwa mbichi, kwa hiyo vijidudu vyake vinakuja mpaka kwa sahani.

Mbegu usizifukie chini. Mwagia juu, funika na udongo mwembamba sana, nyunyizia maji. Kwa joto kali hazioti vizuri. Wakati wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, ni wakati wake. Miche ikiwa na majani manne, hamisha, acha sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine. Mwezi wa 9 na wa 10 jua linapokaza, weka chombo kwa kivuli cha mchana. Bila hivyo saladi inatoa shina refu, inataka kuchanua, na majani yanakuwa machungu. Wakati wa mvula inua vyombo juu ya tofali ili maji yatoke, juu mizizi inaoza upesi. Umwagilie chini, si juu ya majani, na maji ambayo hata wewe ungeweza kunawa nayo uso.

Hata hivyo, mavumbi ya barabara yanaanguka juu ya kila kitu. Weka vyombo nyuma ya nyumba, sukula majani mara tatu, mara ya mwisho kwa maji yaliyotiwa klori ao yaliyochemshwa na kupozwa.

Lakini wenye migodi wasiseme: wafanyakazi wamepata bidoni zao za saladi, basi mambo yamekwisha. Mama na beseni lake hawezi kuzuia mavumbi ya makamio. Wenzangu madelege, mkutano ujao wa komite ya usalama tuweke pointi hii moja: kila bidoni ya dawa ikibaki bule itobolewe palepale kiwandani, iandikwe, ihesabiwe, isiuzwe wala kugawiwa kama zawadi. Na tuombe udongo wa mitaa yetu upimwe, majibu yasomwe mbele ya wakaaji.

Ile bidoni ya buluu niliirudisha, vipande viwili, ndani ya saki. Mlinzi wa mlangoni alicheka sana. Aliniambia, tangu aanze kazi pale, ameona watu wengi wakitoka na bidoni, lakini mimi ndiye wa kwanza kuingia nayo. Alitafuta kitabu cha kuandika, hakukuwa na kitabu cha namna hiyo.