Nunua Bati, Injini Itafuata

Mwaka 1963 General Motors walikuwa na kanuni ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiuzwe na injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Wahandisi wa tawi la Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, waliona kwamba injini yao kubwa ya inchi 389 inakaa bila shida kwenye maunti zilezile za injini ndogo ya 326. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Kanuni iligusa magari yenyewe, lakini haikusema lolote juu ya nyongeza ambazo mteja huagiza kwa hiari yake. Basi injini hiyo ikauzwa kama nyongeza ya gari la Tempest, ikapewa jina GTO, na katika msimu wa 1964 zaidi ya wateja 32,000 wakaitaka. Kampuni nyingine zikafuata mbio, na kwa miaka kama minane Marekani ikajaa magari ya misuli: bodi ya kawaida, injini ya kutisha, bei ambayo kijana mwenye ajira aliimudu.

Ujanja huo wa maunti ndio unaomfaa leo mtu anayetafuta gari la namna hii alijenge upya kwenye gereji yake. Wengi huanza kwa kuuliza injini. Mimi ningeiuliza mwisho. Injini nyingi za enzi ile ziliweza kubadilishana nafasi, na nyingine hazikuacha kutengenezwa kwa miongo mingi. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ilitoka mwaka 1955, na mwaka 2011 General Motors wakatangaza kwamba wametimiza injini milioni 100 za ukoo huo. Pistoni, gasketi na silinda hedi zake zinauzwa mpya hadi leo. Kisichopatikana kirahisi ni bati zima lenye umri wa miaka 55.

Kutu ni umeme mdogo unaofanya kazi usiku na mchana. Sehemu moja ya bati hutoa elektroni na chuma chake huyeyuka polepole kwenye unyevu. Kwenye sehemu ya jirani elektroni hizo hupokelewa na oksijeni na maji. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo kazi huenda taratibu. Ongeza chumvi, mkondo unapata njia pana, na kloridi iliyomo huuharibu hata ule utando mwembamba ambao ungelikinga bati. Majimbo ya Michigan, Ohio na Minnesota humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Majangwa ya Arizona na kusini mwa California hayana haja hiyo. Ndiyo maana gari la jangwani, hata likiwa limebabuka rangi na viti vimepasuka kwa jua, mara nyingi hulishinda lile la Michigan linalong'aa. Mkazi wa Mombasa au Tanga, anayejua upepo wa bahari unavyokula mabati ya paa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Tena kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianzia katikati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja, huyasukuma yakaachana, maji yakaingia zaidi. Kwa hiyo usitazame milango. Tazama pale maji yanapotuama. Kwenye Ford Mustang za miaka ya 1960 adui hujificha chini ya kioo cha mbele, ndani ya mfereji wa kuingizia hewa: ukitoboka, mvua hushuka moja kwa moja kwenye sakafu. Gari lenye paa lililovikwa vinaili, hasa Chevrolet Chevelle na ndugu zake, kagua ukingo wa kioo cha nyuma, maana kitambaa kile hushika unyevu kama sponji. Kisha chukua sumaku iliyofungwa kitambaa laini uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Hapo muundo wa gari nao una neno. Chevelle na GTO zina chesisi yake peke yake, bodi imekaa juu. Mustang haina, sakafu na kingo zake ndizo zinazobeba mzigo wote. Sakafu iliyooza kwenye Chevelle ni kero. Kwenye Mustang, ni uti wa mgongo uliovunjika.

Jina nalo lisikulevye. Kuanzia msimu wa 1969, alama ya SS, ya toleo lenye nguvu zaidi, kwenye Chevelle ilikuwa nyongeza tu, na namba ya gari haiitaji. Beji zinanunuliwa dukani na yeyote. Muuzaji anayedai bei ya SS aonyeshe karatasi ya kiwandani, ambayo wakati mwingine hukutwa imekwama juu ya tangi la mafuta. Ningeichukua Chevelle Malibu ya kawaida isiyo na kutu bila kufikiri mara mbili.

Takwimu za nguvu nazo zina mtego. Injini ya inchi 454 aina ya LS5 ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 365 mwaka 1971, na 270 mwaka 1972. Injini haikudhoofika kiasi hicho. Kilichobadilika hasa ni kipimo. Awali injini ilipimwa ikiwa uchi, bila mfumo kamili wa moshi wala mizigo ya alternata na feni. Baadaye ikapimwa ilivyo ndani ya gari. Upungufu wa kweli ulikuja mwaka mmoja kabla, General Motors waliposhusha mgandamizo ili injini zikubali petroli yenye risasi kidogo. Ndugu yake LS6 ya 1970 ilibana mchanganyiko mara 11.25, na injini ya namna hiyo kwa petroli ya leo huweza kugonga.

Risasi ilikuwa imetiwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920, baada ya Thomas Midgley kugundua kwamba inazuia kugonga huko. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani mwaka 1996, na Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililopo Nairobi likatangaza kuwa hakuna nchi inayoiuza tena kwa magari. Ni sumu, na imeondoka vyema. Lakini ilikuwa pia ikiacha utando uliolinda kikalio cha valvu. Bila utando huo, valvu ya moto hushikana kidogo na chuma laini cha silinda hedi, ikibanduka inang'oa chembe, na kidogo kidogo inazama. Fundi hutia vikalio vya chuma kigumu, kazi inakwisha.

Oili huleta mkasa mbaya zaidi. Kwenye injini hizi tapeti bapa husuguana na kemshafti kwa shinikizo kubwa mno, na kinachozitenganisha ni utando wa kemikali yenye zinki na fosforasi. Fosforasi huharibu kisafisha moshi cha magari ya sasa, hivyo oili nyingi za leo zimepunguziwa. Ukiweka kemshafti mpya, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikiwaka kwa mara ya kwanza usiiache ingurume taratibu: ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, ili oili irushwe kwenye kemshafti kwa wingi. Wapo walioua kemshafti mpya ndani ya robo saa kwa kukosa subira hiyo.

Na breki zije kabla ya nguvu. Gari la kilo 1,700 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, nishati inayogeuka joto inatosha kuchemsha lita mbili za maji. Dramu ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu vyake. Ukisimama ghafla mara tatu mfululizo, pedali inazama. Diski mbele huponya hilo. Magari mengi ya kabla ya 1967, tena, yana masta silinda ya chumba kimoja: paipu moja ikipasuka, breki zote nne zinapotea. Ya vyumba viwili, pamoja na paipu mpya, bei yake haifikii ya kabureta nzuri.