Anwani ya Tovuti Iliyo Wazi: Faida kwa Muuzaji, Kinga kwa Mnunuzi

Mfugaji wa nyuki wa Inyonga anayetaka kuuza asali kwa mnunuzi aliyeko mbali hana budi kumwelekeza mahali alipo: mkoa, wilaya, kata, kijiji, hadi nyumba. Maelekezo yakiwa bayana, mnunuzi hufika. Yakiwa ya kubabaisha, mnunuzi hupotea, au hudakwa njiani na mtu anayejifanya ndiye mwenye asali. Anwani ya ukurasa wa tovuti hufanya kazi hiyohiyo katika intaneti. Katika sehemu hii tunaeleza namna ya kuiandika iwe wazi, na namna ya kuisoma kabla ya kutoa fedha au taarifa zako.

Sehemu tatu za anwani

Tuchukue anwani hii ya kuelezea tu: https://mfano.co.tz/asali/bei-ya-jumla

Sehemu ya kwanza, https, huonyesha kuwa mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa ili mtu wa kando asiyasome. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwa kuwa tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Sehemu ya pili, mfano.co.tz, ni jina la kikoa, yaani utambulisho wa mwenye tovuti. Herufi tz ni za Tanzania. Kabla yake huja aina ya mwenye jina: co kwa biashara, go kwa taasisi za Serikali, ac kwa vyuo, sc kwa shule, na or kwa mashirika yasiyo ya kibiashara.

Sehemu ya tatu, inayoanzia kwenye mkwaju (/) unaofuata jina hilo, ni njia ya kufikia ukurasa mmoja ndani ya tovuti. Sehemu hii mwenye tovuti huiandika apendavyo, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Kwa mwenye tovuti: andika ili watu wasome

Linganisha njia mbili za kufikia ukurasa mmoja: /index.php?id=347&c=12 na /nyumba-ya-wageni-mpanda. Msafiri anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akiipokea ya pili kwa ujumbe wa simu, anajua atakachokikuta kabla hajaifungua. Ya kwanza haimwambii lolote. Mitambo ya kutafutia, kama Google, nayo huyasoma maneno yaliyomo katika anwani. Hata hivyo, uzito wa maneno hayo ni mdogo ukilinganishwa na maudhui ya ukurasa wenyewe. Usidanganyike na fundi anayekutoza fedha kwa ahadi kwamba anwani pekee itakupandisha juu ya wengine.

Tunashauri yafuatayo:

1. Tumia maneno machache ambayo mteja mwenyewe angeyaandika akitafuta: bei-ya-mpunga, si taarifa-muhimu-kwa-wateja-wetu-wote.

2. Tenganisha maneno kwa kistari (-). Ukiacha nafasi tupu, hugeuzwa kuwa %20 na anwani huwa haisomeki. Alama ya mstari wa chini (_) hufichika kiungo kinapopigiwa mstari.

3. Tumia herufi ndogo pekee. Katika jina la kikoa, herufi kubwa na ndogo ni sawa, lakini katika njia ya ukurasa huenda Bei na bei zikawa kurasa mbili tofauti.

4. Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi za kawaida, hivyo hakina taabu katika anwani, isipokuwa ritifaa ya ng'. Mara nyingi alama hiyo hugeuzwa kuwa %27. Anayetangaza bei ya ng'ombe aandike bei-ya-ngombe katika anwani, na ndani ya ukurasa aandike kwa usahihi.

Kipimo chepesi ni simu. Mpigie ndugu aliyeko Karema, msomee anwani yako mara moja, naye aiandike. Akikosea, ifupishe.

Anwani njema haihamihami

Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyebuni wavuti mwaka 1989, alisisitiza katika andiko lake la mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Sisi tunao mfano wa hapahapa. Hadi mwaka 2012 Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mwaka huo ukaanzishwa Mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Ukurasa ulioitwa usafiri-mpanda-rukwa ungekuwa unapotosha wageni tangu hapo, ilhali usafiri-mpanda ungeendelea kuwa sahihi. Vivyo hivyo, ukurasa wa bei unaohuishwa kila msimu usiwekewe mwaka katika anwani. Tarehe ikae ndani ya ukurasa. Ikikulazimu kubadili, mwagize fundi aielekeze anwani ya zamani kwenye mpya, ili aliyeihifadhi asikute mlango umefungwa.

Hakikisha pia kuwa jina la kikoa limesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti. Jina likiwa lake, mkikosana utapoteza anwani ambayo wateja wako wameizoea. Usajili una muda wake. Weka kumbukumbu ya tarehe ya kuuhuisha.

Kwa mnunuzi: soma kabla ya kubofya

Matapeli hutegemea haraka yetu. Kijana anayetafuta kazi hupokea kiungo kama ajira.go.tz.mfano.com/maombi, huona neno ajira na herufi go.tz, kisha hulipa “ada ya fomu”. Mwenye tovuti hiyo si Serikali. Kanuni ni hii: ruka mikwaju miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju mmoja unaofuata, kisha soma kurudi kushoto. Hapa utakuta mfano.com, huyo ndiye mwenye tovuti, na yote yaliyotangulia ni pambo lake. Anwani ya kweli ya taasisi ya Serikali huishia na go.tz kabla ya mkwaju huo, kama katavi.go.tz ya Mkoa au mpandamc.go.tz ya Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda.

Kumbuka kwamba co.tz yaweza kusajiliwa na mfanyabiashara yeyote. Inakuonyesha aina ya jina, haikuhakikishii uaminifu wa muuzaji. Kama kiungo kimefupishwa hata huoni kinakokwenda, usikifungue. Andika mwenyewe anwani unayoifahamu.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usiujibu. Utume kwenda namba 15040, nasi tutaufanyia kazi. Na kama umeshatoa fedha, toa taarifa mara moja kwa mtoa huduma wako na kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na ujumbe wenyewe na anwani kamili uliyoifungua. Usiifute anwani hiyo kwa hasira au aibu, kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi wako.