Kazi ya Dizaini Isiwe ya Msimu: Jinsi ya Kupata Wateja wa Kudumu

Huenda katika kikundi chenu yuko kijana, mvulana au msichana, aliyesomea kuchora kwa kompyuta. Ndiye mnayemwita dizaina. Anatengeneza programu za mazishi, kadi za harambee, mabango, kalenda, lebo za asali na maandishi ya fulana. Pengine kikundi kilichanga pesa kumnunulia kompyuta, na mkopo huo bado haujaisha. Wiki hii ana kazi tatu na halali usiku. Halafu mwezi mzima anakaa tu akitazama simu kama italia. Mashine iko, ujuzi uko, lakini pesa ya kulipa mkopo haiko. Shida ni nini?

Wengi watasema wateja hakuna. Mimi nimefanya kazi hii tangu siku za brashi na kopo la rangi, na nasema wateja wako. Ila tunawangojea wateja wa siku moja. Bibi harusi haji tena mwakani na kadi nyingine (na tunaomba asije!). Familia iliyofiwa haitaki kukuona tena karibuni. Kazi kama hizo tuzipokee, lakini haziwezi kulipa mkopo wa kila mwezi.

Basi ni nani anayehitaji dizaina mwaka baada ya mwaka? Tazameni kalenda. Shule hufunguliwa Januari, tena mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, tena mwisho wa Agosti. Kabla ya kila muhula kuna fomu, barua kwa wazazi, vyeti vya kutuza wanafunzi na bango la langoni. Makanisa na maduka hutaka kalenda za ukutani, na anayekuja kuuliza hiyo kazi mwezi wa Desemba amechelewa; aende Septemba.

Wako pia watu wa Sacco na vyama vya ushirika, ambao vijana wengi huwapita bila kuwaona. Sheria inataka chama cha ushirika kifanye mkutano mkuu katika miezi minne baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Kwa chama kinachofunga hesabu Desemba, mkutano ni kabla ya mwisho wa Aprili. Kila mwanachama atataka kuona kitabu cha ripoti. Nani atakipanga kitabu hicho? Mara nyingi katibu anahangaika nacho usiku, jedwali zinakimbia ukurasa. Mwendee Januari, kabla hajaanza kuhangaika.

Lakini kazi ambayo mimi naipenda kuliko zote ni lebo. Kikundi cha asali, cha unga wa uji, cha mtindi au cha sabuni kinapomaliza chupa kinahitaji lebo tena. Ukimfaa mara moja, anarudi. Hapa dizaina ajifunze zaidi ya rangi na maua. Lebo ya chakula lazima ionyeshe jina la bidhaa, uzito, vilivyotiwa ndani, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuisha. Acha nafasi nyeupe ya kugonga tarehe kwa muhuri, kwa sababu tarehe hubadilika na lebo zimeshachapwa. Na mteja akikwambia, "Weka tu ile alama ya KEBS, wenzetu wote wanaweka," mkatalie kwa heshima. Alama hiyo hutolewa kwa kibali, na bidhaa isiyo na kibali ikikamatwa dukani, mzigo wote wa kikundi unaweza kupotea. Mteja ataona kwamba unalinda mali yake.

Sasa, unaingiaje katika ofisi ya mtu? Usiende na maneno "naomba kazi." Nenda na kitu mkononi. Kama bango la agroveti limefifia, lipige picha, litengeneze upya kwenye kompyuta, chapa karatasi moja tu, upeleke. "Habari ya kazi, mama? Nimepita hapa nikaona bango lenu, nikafikiria lingeweza kuwa hivi." Huenda asinunue siku hiyo. Mwachie karatasi yenye nambari yako ya simu. Muulize ni kazi gani za kuchapa alizofanya mwaka uliopita, zilimsumbua wapi, na nani huidhinisha malipo. Hayo majibu matatu yaandike daftarini ukitoka nje.

Mteja akishakuzoea, mpe mpango wa mwezi. Tuseme agroveti inakulipa shilingi 1,500 kila mwezi, nawe unatengeneza orodha moja ya bei, bango moja dogo na picha mbili za kutuma kwa wateja wao kwenye simu. Andikeni karatasi: kazi ni ngapi, masahihisho ni mara ngapi, malipo ni tarehe gani. Wateja wanne wa namna hiyo ni shilingi 6,000 ambazo unazijua kabla mwezi haujaanza. Si nyingi, lakini mweka hazina hatakukimbiza tena barabarani.

Juu ya pesa niseme kwa uchungu kidogo. Mwaka wa 2017 nilimtengenezea mgombea mmoja mabango kwa deni. Alishindwa, na simu yake ikazimwa kesho yake. Mchapishaji alinidai mimi, si yeye, na nililipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Uchaguzi wa Agosti 2027 usiwakute vijana wetu na ujinga huo. Kwa kila kazi ya kuchapwa, pesa za mchapishaji zote zitoke kwa mteja kabla ya mashine kuwashwa. Siku hizi kwa M-Pesa hakuna kisingizio cha kwamba benki imefungwa.

Hesabu yenyewe tuitazame. Programu za mazishi 200, mchapishaji anataka shilingi 50 kwa moja, hiyo ni 10,000. Kijana anaongeza 2,000 juu na kujiona amepata. Nauli ya kwenda mjini na kurudi 600, bando 200. Amebaki na 1,200 kwa siku mbili na usiku mmoja. Na jina la mtoto mmoja wa marehemu likikosewa, atachapa upya kwa mfuko wake. Ndiyo maana kabla ya kuchapa, mtu mmoja aliyeteuliwa na familia asome kila jina, kisha ajibu kwa ujumbe: "Sawa, chapa." (Mpangilio wa majina ya wake na watoto waamue wenyewe. Usijiingize kamwe.)

Picha pia zina mambo. Picha iliyotumwa kwa Wasap kwa njia ya kawaida hubanwa, na ikichapwa kubwa inatoka kama imepigwa katika ukungu. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. Kila kazi uliyomaliza iweke mahali pawili, kwenye kompyuta na nje yake. Mteja akirudi baada ya mwaka na ukaipata kwa dakika moja, hataenda kwa mwingine.

Kazi za serikali nazo zipo. Asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa mpango wa AGPO ulioanza 2013. Biashara iwe imesajiliwa, iwe na PIN ya KRA, na iweze kutoa invoisi ya eTIMS, ambayo hata shule siku hizi huidai. Ila malipo huweza kukawia, kwa hiyo asiingie huko kijana asiye na wateja wengine wa kumlisha akingoja.

Na sisi wanakikundi tusiwe wateja wabaya kuliko wote. "Wewe ni mtoto wetu, tufanyie tu," halafu tunamdai mkopo mwisho wa mwezi! Kikundi kikitaka fulana 30 za tarehe 8 Machi, kimwagize Januari, kimpe dipoziti, na salio kilipwe siku ya kuchukua mzigo.