Katika shimo hakuna kengele: mchimbaji ajipigie yake

Kila juma, kutoka Kalundu hadi Kavimvira, kuna vijana wa Uvira wanaofunga mizigo. Wengine wanafuata barabara ya Makobola na Baraka kuelekea Misisi. Wengine wanapita Bukavu kwenda Kamituga. Nyumbani wanaacha bibi, watoto na deni la minervali. Wakiondoka, sala ni moja: Mungu amusaidie apate.

Sisi pia tunaomba hivyo. Lakini tuangalie wale walioanza kwa kubeba magunia na leo wanaongoza ekipe. Si wote waliopata dhahabu nyingi. Tunajua waliopata nyingi na wakarudi mikono mitupu. Waliopanda ngazi ni wale ambao wenzao waliwaamini, na katika shimo mtu haaminiwi kwa maneno. Anaaminiwa kwa mambo madogo anayoyafanya kila siku, hata siku ambayo hakuna anayemutazama.

Zamani kampuni ilikufanyia

Wazee wa Kamituga wanakumbuka wakati wa MGL, kisha SOMINKI iliyoanza mwaka 1976. Hatusemi kwamba ilikuwa paradiso. Mshahara ulikuwa mdogo, na kampuni ilipokufa mwaka 1997 wengi walibaki wanadai. Lakini kampuni ilikuwa na watu wa kushika mambo matatu. Mmoja alishika saa: usipofika kwenye pwantaji, siku yako imepotea. Mwingine, kapita, aliangalia miti ya kuzuia udongo kabla watu hawajaingia. Wa tatu, karani, aliandika nani alifanya kazi siku ngapi.

Mwaka 1982 Serikali ya Mobutu iliruhusu raia wachimbe madini kwa mikono yao. Tangu hapo maelfu wamejifanyia kazi bila bwana mkubwa. Ni uhuru, na umelisha jamaa nyingi. Lakini kengele, kapita na karani hawakuja pamoja na uhuru huo. Mchimbaji wa leo lazima abebe kazi zao zote tatu. Anayezibeba vizuri ndiye anayeitwa siku PDG wa shimo anapotafuta kondukteri mpya.

Kengele: saa yako

Mashimo mengi yanafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Ukichelewa saa mbili, mwenzako wa usiku anabaki chini saa mbili zaidi. Amechoka, macho yake yamejaa vumbi, na mtu aliyechoka anapiga nyundo pabaya. Kwa hiyo kuchelewa si jambo lako peke yako. Wenzako wanahesabu, hata kama hawasemi.

Tuangalie wavuvi wa ziwa letu. Wanavua ndakala usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, basi hawaendi. Mvuvi mwenye akili halali siku hizo zote. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anasafisha taa. Mwezi ukipungua, yeye ni tayari. Mchimbaji naye ana siku zake za namna hiyo: mvua imejaza shimo, motopompe imeharibika, barabara imefungwa. Kuna anayezimaliza kwenye pombe, na kuna anayenoa vyuma, anayekata miti, anayemuomba fundi amuonyeshe namna ya kufungua motopompe. Miezi sita baadaye, huyu wa pili ana kazi mbili mikononi, na mwenzake bado ana ile moja.

Kapita: kuangalia kabla ya kuingia

Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga. Mashimo yakajaa maji na udongo ukashuka. Watu wapata 50 walihesabiwa kufa. Katika ajali kama hiyo, swali la kwanza la wale walio juu ni: "Iko watu ngapi mule ndani?" Mara nyingi hakuna anayeweza kujibu kwa hakika. Na mama aliye Uvira anakaa na simu mkononi, hajui kama bwana yake aliingia siku ile au hapana.

Kanuni ya madini inakataza mchimbaji wa mkono kupita mita 30 kwenda chini. Tunajua kwamba kuna mashimo yanayopita hapo. Sababu zaidi ya kuwa na desturi ngumu. Mvua kubwa ikinyesha, ngojeni. Mmoja azunguke juu ya shimo atafute nyufa mpya. Miti iguswe mmoja mmoja, na ulioanza kupinda au kuoza ubadilishwe kabla ya kazi, si baada. Motopompe au jenereta isiingizwe hata siku moja ndani ya shimo, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua mtu kama anayesinzia. Na majina ya wanaoingia yaandikwe, karatasi ibaki juu mikononi mwa mtu asiyeingia. Kila anayetoka, jina lake linafutwa.

Kuna kijana ataogopa kuitwa mwoga. Tumwambie hivi: kusema "leo hatuingie" mbele ya watu wenye njaa kunahitaji nguvu kuliko kuingia. Anayesema hivyo kwa sababu aliangalia, na anayeweza kuonyesha ufa alioona, wenzake hawamusahau. Siku ya kuchagua shefu wa ekipe, wanataka yule atakayewarudisha kwa watoto wao.

Karani: kaye ya mfukoni

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika machimbo tunaona hivyo kila siku ya kugawa. PDG amelipa chakula, miti na esansi. Mchimbaji amechukua unga, tochi na bote kwa deni kwenye butiki. Siku ya hesabu, kila mtu anakumbuka namna yake. Mwenye kaye anasoma. Asiye nayo anapiga kelele, na kelele haijawahi kushinda kaye.

Kaye ndogo haigharimu pesa nyingi. Kila jioni mistari minne inatosha. Kwa mfano: "Jumanne. Tuliingia saa moja asubuhi, watu sita. Miti miwili imebadilishwa. Magunia manane yametoka. Nilichukua bote kwa deni, franka 20.000." Basi. Asiyejua kuandika amuombe mwenzake, au atume sauti kwa simu, mtoto wake wa shule aandike nyumbani. Kila mwisho wa juma, soma hesabu yako mbele ya mwenye butiki na mbele ya kondukteri, ili makosa yaonekane yakiwa bado madogo.

Andika pia uzito, na uandike kwa gramu. Negosian wengi bado wanaongea kwa tola. Tola moja ni karibu gramu 11,66. Bei inayosikika kwenye redio ni ya onsi moja, yaani gramu 31,1, tena ya dhahabu safi kabisa. Dhahabu inayotoka kwenye udongo si safi hivyo, kwa hiyo bei yako haiwezi kuwa sawa na ile. Lakini mtu aliyeandika mauzo yake kumi ya mwisho anajua anapunguziwa kiasi gani na nani, na anaweza kuchagua mlango wa kubisha.

Kwa wenzetu wa kasiteriti na koltani, mambo ni yale yale. Pale magunia yanapotiwa etiketi, kila gunia linaandikwa kwenye registre, uzito wake na mahali lilipotoka. Mtu aliyezoea kaye yake mwenyewe haogopi registre hiyo. Mara nyingi ndiye anayeombwa kuishika.

Kutoka shimo hadi kooperative

Tangu sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyobadilisha Kodi ya Madini ya mwaka 2002, karte ya mchimbaji inapewa Mkongomani mtu mzima aliye mwanachama wa kooperative inayotambuliwa. Karte hiyo ni ya mwaka mmoja. Andika kwenye kaye siku itakapokwisha, na uanze kutafuta pesa yake miezi miwili mbele, usingoje ukamatwe barabarani.

Kooperative nayo inahitaji katibu, mtunza sanduku na watu wa kuangalia usalama. Ofisi ya SAEMAPE, iliyoitwa zamani SAESSCAM, ina kazi ya kufundisha na kusaidia wachimbaji wadogo. Wakija kufundisha, uwe pale, na uandike. Cheo cha katibu hakina vumbi jingi, na mgongo ukichoka bado unaweza kukifanya. Kila mchimbaji mwenye miaka 35 ajiulize atafanya nini akiwa na 50.

Kwa mama aliye nyumbani

Kazi hii si ya bwana peke yake. Mama naye awe na kaye: tarehe pesa ilipofika kwa Airtel Money au M-Pesa, kiasi, na ilikwenda wapi. Bwana akirudi, muweke kaye mbili pamoja juu ya meza. Magomvi mengi ya nyumba za wachimbaji yanaanza kwa swali moja, "pesa yote ilienda wapi?", na mara nyingi jibu ni kwamba haikuwa nyingi kama kila mmoja alivyofikiri.

Mama wengi wa Kivu wanajua MUSO na masanduku yake: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la msaada wakati wa ugonjwa au msiba, na la bluu la pesa inayotoka inje. Likelemba inasaidia pia. Faida yake si pesa tu. Inazoeza jamaa kutoa kidogo siku iliyopangwa, hata kama juma lilikuwa baya.

Tukumbuke kwamba kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Miezi sita, amri moja, na kazi ikakatika. Jambo kama lile linaweza kurudi kwa amri, kwa vita au kwa mvua. Siku hiyo nyumba inaishi kwa kilichomo sandukuni, na kwa ufundi wa pili ambao bwana alijifunza siku za mvua.

Dhahabu hatuwezi kumuahidi mtu. Iko chini, na hakuna anayejua mshipa wake unaishia wapi. Lakini kufika kwa saa, kugusa mti kabla ya kupita chini yake, na kuandika mistari minne jioni, hayo yako mikononi mwako tangu kesho asubuhi. Nunua kaye leo. Jina la kwanza uandike lako, na la pili la mtu atakayeitwa siku usipotoka.